Mashua ya Matumbo Mawili

Mimi si mtu wa kubabaishwa na vicheko. Watu wa Kibaha waliposikia nimenunua mashua, na bahari yenyewe huku haionekani hata ukipanda juu ya mnazi, walisema nimerogwa. Nikawaacha waseme. Nilikuwa mwalimu wa ushonaji, mume wangu alikuwa seremala, na mama yangu alikuwa anapofuka kisiwani. Sikuwa na nafasi ya kumsikiliza kila jirani.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, kiko mbele ya Kisiju, na siku zile upande wote ule ulikuwa wilaya ya Kisarawe. Nilizaliwa huko. Baba hakujaaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo mimi ndiye niliyevuka naye kwenda kuuza nazi, mimi ndiye niliyeshika usukani yeye akiwa na tanga, na nikiukosea mkondo mimi ndiye niliyekula kofi. Alifariki muda si mrefu baada ya mimi kuolewa. Mama akabaki na minazi yake, bata wake na ubishi wake.

Macho yalimwisha taratibu. Kwanza alishindwa kutunga uzi kwenye sindano, akasema sindano za siku hizi zina matundu madogo. Kisha akatia chumvi kwenye chai. Mara ya mwisho nilipokwenda kumtazama, alisimama mlangoni akanitegea sikio badala ya kunigeuzia uso, na mpaka nilipotoa shikamoo ndipo akanijua. Nililia njia nzima ya kurudi. Mboni zake zilikuwa zimeingia ukungu mweupe. Mganga wa zahanati yetu nilipomweleza alisema huo ni mtoto wa jicho, hutolewa na mtu akaona tena, ila asicheleweshwe. Ikatokea na bahati: madaktari wa macho walikuwa wanatarajiwa Kisarawe baada ya masika, wakae wiki chache kisha waondoke. Nikaapa kwamba mama atakuwa mmoja wa wagonjwa wao.

Kilichobaki ni kumtoa kisiwani, na hapo ndipo kazi ilipokuwa.

Kwetu ukwe si mchezo. Mama na mkwewe wanaheshimiana mpaka wanakimbiana. Wakikutana njiani, mume wangu anaingia kichakani, na mama anajitanda khanga anageukia upande wa pili. Hawali pamoja, hawakai mkeka mmoja, hawasemezani. Mama alishika adabu hiyo kuliko wanawake wenzake wote pale kisiwani. Tukienda kumsalimia, mimi husimama katikati yao. "Mwambie mama shikamoo," anasema mume wangu. "Mwambie marahaba, hawajambo huko?" anasema mama. Wote wawili wanasikiana vizuri kabisa, nami nimesimama pale kama waya wa simu. Tangu siku ya harusi mama hakuwahi kumtazama usoni. Alimjua kwa miguu tu, maana macho yake yaliishia hapo, na mara moja aliniambia kwa siri kwamba nimeolewa na mtu mwenye miguu ya kuaminika.

Nilipompelekea habari za madaktari, jibu lilikuja na mchuuzi wa nazi. Alisema yeye haendi nyumbani kwa mkwe bila kufuatwa na mkwe mwenyewe, si mwanamke wa kujipeleka. Nikasema vema, atafuatwa. Jibu la pili likaja: tena hawezi kupanda chombo kimoja na mkwe wakakaa magoti yanagusana mbele za watu, jambo hilo halijatokea katika ukoo wake. Nikauliza, je, mkwe akitangulia na chombo kimoja, yeye akaja na kingine? Akajibu kwamba hapo atakuwa anamfuata nyuma kama mdai. Na mkwe akija nyuma yake? Hapo atakuwa anaswagwa kama mbuzi.

Namjua mama yangu. Adabu alikuwa nayo kweli, lakini nyuma ya adabu ile kulikuwa na kisu cha daktari. Aliogopa, na ukwe ulimpa pazia zuri la kujifichia. Nilimkasirikia, nikamwonea huruma, kisha nikamkasirikia tena.

Nikiwa katika hali hiyo ndipo nilipoiona ile mashua. Ilikuwa nyuma ya nyumba ya mtaalamu mmoja mgeni aliyekuwa akifundisha Kibaha, naye alikuwa anafunga mizigo arudi kwao. Nilikwenda kumpima mkewe gauni la safari. Sikuwa nimeona chombo cha namna ile. Kilikuwa na matumbo mawili membamba ya mbao, yamelala sambamba, yameungwa kwa boriti, na juu ya boriti pana jukwaa. Mwenyewe alikiita katamarani. Alikinunua kwa mwenzake aliyeondoka kabla yake, akakiendesha Dar es Salaam Jumapili mbili tatu, halafu petroli ikawa adimu na magari yakazuiwa kutembea Jumapili, akakirudisha Kibaha kikae uani. Kuku walikuwa wanataga katika tumbo moja. La pili lilikuwa limejaa maji ya mvua na majani ya mkorosho.

"Kikiwa baharini, maji yanapita hapa katikati?" nikamuuliza.

Akasema yanapita. Nikacheka peke yangu mpaka mkewe akatoka nje kutazama kuna nini. Mama, umekwisha, nikajisemea. Siku ileile tukaelewana. Niliwashonea nguo za safari familia nzima, wao wakaniachia mashua, na kila upande ulijiona umemzidi mwenzake akili.

Mume wangu ni mtu wa Magindu. Maji mengi kuliko yote aliyoyajua utotoni ni ya lambo la ng'ombe. Alikizunguka chombo kile, akagonga mbao kwa ukucha, akachomoa kipande kilichooza akakinusa.

"Mama watoto," akasema, "hii ni maiti."

"Basi tuifufue."

Akanitazama. Nilimweleza habari ya matumbo mawili, kwamba yeye atakaa lake na mama lake, na bahari itapita katikati yao. Nikaona midomo yake inaanza kucheka kabla yeye mwenyewe hajaamua. Alimpenda mama yangu, ila hakuwa na njia ya kumwambia. Kesho yake alianza kunoa randa.

Tuliifungua boriti kwa boriti, tukaileta nyumbani kwetu Pangani, hii ya Kibaha, si ile ya Tanga. Watoto wa jirani wakaanza kumwita mume wangu Nabii Nuhu, na wakubwa wakamuuliza kama twiga amekwisha pata nafasi. Balozi wa nyumba kumi naye alikuja. Akazunguka, akachungulia ndani ya matumbo yote mawili, akauliza kama chombo hiki kimekusudiwa magendo. Nikamwambia kimekusudiwa mama mkwe. Alifikiri nafanya mzaha, akaondoka amenuna.

Zilikuwa siku za shida ya kila kitu. Misumari haikuwapo dukani, kwa hiyo mume wangu alichomoa ile ya zamani, akainyoosha mmoja mmoja juu ya jiwe. Mbao za mvule za kuziba palipooza alizifuata Kisarawe kwa miguu yake ya kuaminika. Rangi haikuwapo hata ya kuota ndotoni. Akakamua mafuta ya maganda ya korosho, yale meusi yanayobabua ngozi, akapaka matumbo yote nje mpaka yakawa meusi yanang'aa, na vidole vyake vikachunika hata akashindwa kula ugali wa moto. Mimi nilishona tanga. Turubai halikupatikana, nikatumia mifuko ya unga wa msaada, ile ya kitambaa kizito, nimeiunga kwa mishono miwili miwili. Maandishi yake hayakufutika kwa sabuni wala kwa jua, na tanga langu lilipokwisha lilikuwa linatangaza toka juu hadi chini kwamba halikuruhusiwa kuuzwa. Ninalisifia mpaka leo. Halikuchanika hata kidogo.

Tuligombana mara moja tu, na ugomvi wenyewe ulihusu kalafati, yaani nyuzi zinazoshindiliwa katika nafasi za mbao maji yasipite. Baba yangu alitumia pamba. Nilikuwa nimemwekea mume wangu nyuzi za pamba kutoka katika mabaki ya darasa langu, nimezisokota, nimezilowesha mafuta ya nazi. Siku moja narudi kutoka kazini, nakuta uani pamejaa manyoya meupe mpaka kwenye sufuria ya mboga. Alikuwa amekwenda Kibuta kwa shangazi yake mwenye misufi, akarudi na gunia zima la sufi.

"Hiyo ya kujaza mito?" nikauliza.

"Ndiyo hiyo. Mama watoto, tumia akili. Pamba inakunywa maji. Sufi hainywi. Sasa kati ya mlevi na asiyegusa pombe, wewe utamweka nani alinde kilabu?"

Ndivyo afikirivyo mtu aliyelelewa juu ya godoro la sufi. Nilimwambia kwamba pamba inatakiwa inywe, ikinywa inavimba, ikivimba inaziba. Akasema huo ni mzunguko wa maneno. Alikuwa amekwisha shindilia tumbo moja zima, na kazi yake ilikuwa safi, hata mimi nilikiri, ungedhani mbao zimezaliwa zimeungana. Nikamwambia tumbo hilo ni lako. Hili jingine nitalishindilia mwenyewe, na humu ndimo atakamopanda mama yangu. Akasema tutaona. Nikasema tutaona.

Masika yalipokatika, tulipata lori lililokuwa linakwenda Kisiju kuchukua nazi. Tukaipakia mashua vipande vipande, watoto tukawaacha kwa jirani, na mtaa mzima ukatoka kutuaga, wengine wakitupungia majani kama tunakwenda Makka. Kisiju nako watu walikusanyika tulipokuwa tunaiunga ufukweni. Wale wanajua vyombo, kwa hiyo hawakucheka ovyo. Walicheka walipoona tanga.

Ilipoingia majini, matumbo yote mawili yalivuja. Mume wangu akanitupia jicho la ushindi kwa sababu la kwangu lilivuja zaidi. Nikamwambia subiri. Tuliilaza majini usiku mmoja, na asubuhi tumbo la pamba lilikuwa kavu. La sufi lilikuwa na maji kidogo, naye akasema hilo ni jasho tu la mbao mpya. Tukakumba maji, tukapandisha tanga, nami nikashika usukani kwa mara ya kwanza tangu usichana wangu. Mikono haikuwa imesahau chochote. Nilivuka hadi kisiwani nikiimba.

Mama aliongozwa na jirani mpaka ufukweni. Mume wangu alikuwa amekwisha kukimbilia nyuma ya minazi. Mama hakuniamini kwa maneno. Aliingia majini mpaka magotini, akaishika mashua kwa mikono, akalipapasa tumbo moja toka omo ya mbele hadi tezi ya nyuma, akapita chini ya jukwaa ameinama, akalipapasa na la pili. Kisha akasimama pale katikati, mawimbi madogo yanampitia miguuni.

"Maji yanapita," akasema.

"Yanapita, mama."

"Basi hivi ni vyombo viwili."

"Ni viwili, vinakwenda safari moja."

Nilimwona anatafuta sababu nyingine. Nikamshika mkono. "Mama, naogopa pamoja nawe," nikamwambia, na haikuwa uongo. Akasema tumwachie jirani bata.

Tukaondoka yeye akiwa ndani ya tumbo la pamba, amejitanda khanga mpaka puani. Mume wangu alikuwa ndani ya tumbo la sufi, ametazama upande wa bahari kuu kwa heshima, na mimi juu ya jukwaa baina yao. Upepo ulikuwa mwema. Mama aliniuliza tumefika wapi, nikawa namweleza. Tulipoingia katika mkondo, mawimbi yakaanza kuipiga mashua ubavuni, mbao zikawa zinalia. Nikageuka kutazama nyuma, nikaona vitu vyeupe vinaelea katika njia tuliyopita, vikubwa kama ngumi, vingi. Ilikuwa sufi. Ilikuwa inatoka yote, kavu vilevile kama ilivyoingia.

Mume wangu alikuwa anakumba maji kwa kata, haraka. Upande wake ulikuwa umeshuka, na jukwaa lililala mpaka nikalazimika kujikaza kwa kisigino.

"Hamia huku!" nikamwambia. "Tumbo hili halina hata tone."

"Siwezi. Mama yuko huko."

"Utazama, wewe!"

"Mwambie mama aniwie radhi. Nitaendelea kukumba."

Maji yalikuwa yamemfika mapajani. Nilitaka kumpiga, nilitaka kumkumbatia, na sikuweza kuuacha usukani. Mama alikuwa ametega sikio.

"Mkwe wangu anafanya nini?" akauliza.

"Anakumba maji, mama. Tumbo lake linajaa."

"Anajua kuogelea?"

"Mtu wa Magindu, mama?"

Aliifungua khanga kichwani, akaishusha mabegani, akageuza uso wake kule kata ilikokuwa inagonga mbao.

"Baba!" akaita. "Njoo huku kwangu."

Kata ikanyamaza. Miaka yote ile hakuwahi kumwita. Mume wangu alinitazama kama mtu anayeomba ruhusa, nikamwambia umesikia, unangoja nini. Akapanda jukwaani kwa magoti, akapita mbele yangu akichuruzika maji, akashuka katika tumbo la mama. Lilikuwa jembamba, hapakuwa na namna. Walikaa wakielekeana, magoti yanagusana. Upande wa mama ukashuka kwa uzito, ule wa sufi ukanyanyuka kiasi, na mashua ikanitii tena. Nikaielekeza Kisiju. Nilijua sasa kwamba tutafika.

Mama ndiye aliyesema kwanza.

"Nilikuwa na macho miaka yote, sikukutazama. Leo uko hapa, na macho sina."

Akanyoosha mkono, akaupata uso wake. Akaupapasa paji, nyusi, pua, mashavu yenye chumvi. Mume wangu alikuwa ameinamisha macho chini, ingawa hapakuwa na wa kumwona.

"Unalia?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Ni maji ya bahari."

Mimi nililia bila kusingizia bahari. Wale watu wa Kisiju walipotupokea, mashua imelala upande kama kuku aliyevunjika bawa, tanga langu zima, hakuna aliyecheka.

Kisarawe madaktari walikuwa bado wapo. Walimpasua jicho moja kwanza, nasi tukakaa kwa jamaa wa mume wangu mpaka siku ya kufunguliwa kitambaa. Siku hiyo mume wangu alifuatana nami hadi mlangoni mwa wodi, hapo miguu ikamgoma. Tangu tushuke nchi kavu alikuwa amerudia adabu zake zote. Nikaingia peke yangu. Mama aliketi kitandani, jicho linachuruzika machozi ya mwanga. Alinitazama mimi, akaniambia nimezeeka. Nilicheka kwa furaha hata muuguzi akaniambia nipunguze sauti. Kisha akaniuliza mtu wake yuko wapi.

Nilimvuta mume wangu kwa mkono wa shati mpaka miguuni pa kitanda. Alisimama ametazama sakafu. Mama alimwangalia bila haraka, toka nywele, uso, mabega, vile vidole vilivyochunika, kama mtu anayechagua kitambaa dukani na hataki kukosea. Alirudi usoni, akakaa hapo. Kisha akaivuta khanga akajifunika mpaka utosini, akageukia ukutani, akanishika mkono.

"Mtoe nje huyo mwanangu," akaninong'oneza. "Nataka kulia, na siwezi kulia mbele ya mkwe."

Nikamtoa.